Moyo Usiokohoa

Jumanne, tarehe 9 Julai 2069. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umeshuka kutoka Mlima Rungwe na kuulalia mji wa Lwifwa. Manyunyu yasiyosikika yalikuwa yakianguka tangu alfajiri, na baridi ilikuwa kali kiasi kwamba mpiga kengele wa kanisa alivaa soksi mikononi.

Atupele Mwambungu, mtaalamu wa mionzi, alifika hospitali ya moyo akiwa amejitanda kanga juu ya sweta. Waliomwona walidhani ni baridi. Lakini chini ya sweta na gauni, juu ya ngozi ya tumbo lake, alikuwa amebandika kitufe cheupe cha plastiki, kipana kama ukucha wa dole gumba. Ilikuwa ni beji ya tumbo, ile ambayo sheria inamtaka kila mjamzito anayefanya kazi kwenye chumba cha mionzi aivae. Aliichukua mwenyewe kwenye sanduku la korido, siku chache kabla ya Pasaka. Sanduku halikumwuliza jina wala haja.

Hakumwambia mtu. Mimba mbili zilizotangulia alizitangaza mapema kwa furaha. Kwaya ilimwimbia, mashangazi wakaanza kufuma vikofia, na zote mbili zikaharibika. Hii ya tatu ilijulikana na Mungu, na mumewe Lwitiko, na kile kitufe. Kila asubuhi kabla ya kuvaa aliweka kiganja tumboni na kusema, Bwana, huyu niache nimwone. Hakuwa na maneno mengine ya kuongeza.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo alimkuta Sista Kisa, muuguzi mnene aliyekuwa amebakiza muda mfupi astaafu, akilazimisha miguu iingie kwenye viatu vya kazi.

"Wewe siku hizi umekuwa kitunguu," Kisa alimwambia. "Kila nikikutazama umeongeza ganda."

Atupele akajibu kwamba ana damu ya baridi tangu utoto. Kisa aliguna, akamtazama kwa muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika, kisha akageukia kioo kufunga kitambaa chake.

Chumba walichoingia hakikuwa na ukuta wa kioo kizito, wala hapakuwa na aproni za risasi, ile metali nzito inayozuia mionzi, zilizoning'inizwa mlangoni. Vyote viliondolewa. Zamani, daktari aliyetaka kupitisha mrija mwembamba kutoka mkononi mwa mgonjwa hadi kwenye mishipa ya moyo alilazimika kuangaza kifua kwa eksirei muda wote, ili aone mrija umefika wapi. Mgonjwa alipata mionzi ya siku moja, lakini daktari na wasaidizi wake waliipata kila siku ya maisha yao. Walivaa risasi mpaka migongo ikapinda. Macho yao yaliingia ukungu kabla ya uzee. Daktari Ambakisye Mwaijande, mkuu wa chumba hiki, alikuwa na mwalimu aliyekufa kwa uvimbe ndani ya kichwa, upande wa kushoto, upande ambao kwa miaka yote alikuwa ameuelekeza kwenye mashine. Mwaijande ndiye aliyemlisha uji katika miezi yake ya mwisho.

Ndipo Mwaijande alipotengeneza mashine aliyoiita Kurunzi.

Kurunzi haikuangaza muda wote. Ilipiga mmweko mmoja wa mionzi, ikatulia, moyo ukapiga mara kadhaa, ndipo ikapiga mwingine. Kati ya mmweko na mmweko ilichora. Ilikuwa imejifunza mioyo mingi mno, na ilijua moyo hujikunja vipi na waya hupita wapi, kwa hiyo ilijaza pengo kwa picha laini isiyo na doa. Aidha, ilisoma beji za watu wote waliokuwamo chumbani, ikapunguza mionzi kulingana na yule aliye dhaifu kuliko wote. Hivyo ndivyo Mwaijande alivyotaka. Alipenda kusema kwamba mashine yake ina adabu ya mama, kwanza inamtazama mdogo.

Tangu Pasaka Kurunzi ilikuwa imeshusha mionzi kwa kiasi ambacho hata yeye hakukitegemea. Beji za wafanyakazi zilisoma karibu na sifuri. Wageni walikuja kutoka mbali kuangalia. Mwaijande aliwaeleza kwamba mashine imekomaa, na jioni moja Atupele alimkuta amepiga magoti kwenye chumba kitupu, akishukuru. Atupele naye alishukuru. Aliona ni mkono wa Mungu uliofunika tumbo lake, na hakuuliza mkono huo umefunika nini kingine.

*

Mgonjwa wa kwanza alikuwa Mzee Gwakisa Mwakalinga, fundi mstaafu wa kiwanda cha chai. Binti yake Sekela alimsindikiza mpaka mlangoni, akamfungia vizuri kola ya shati la hospitali kama vile anampeleka mtoto shule. Mzee alikuwa na kifua cha watu wa kiwandani, kikohozi kikavu kilichomjia bila hodi. Wagonjwa wa kazi hii hawalazwi usingizi, kwa hiyo alipolala mezani aliendelea kuzungumza. Alimwuliza Atupele kama hiyo mashine ikiangalia moyo inaona na dhambi.

Atupele alimjibu kwamba dhambi zinaangaliwa idara nyingine.

"Afadhali," Mzee alisema. "Maana binti yangu yuko nje, angesikia."

Kama ilivyokuwa desturi yao, walishikana mikono kuizunguka meza na Kisa akaomba. Aliomba kwa ufupi, kwamba macho yao yaone na mikono yao isipotee. Wote waliitika amina, na Mzee aliitika kwa sauti kuliko wao.

Daktari alianza kupitia kifundo cha mkono wa kulia. Mrija ulipanda, ukapita begani, ukafika kifuani. Ndani ya mrija alisukuma waya mwembamba kama unywele, akauelekeza kwenye mshipa ulioziba. Kwenye skrini kila kitu kilikuwa kizuri kama picha ya kitabuni. Mishipa ilitanda kama mizizi ya mti, na waya uling'aa katikati ya mmoja wao. Mwaijande alifanya kazi huku akipumua polepole kwa pua, kama afanyavyo siku njema.

Mzee Gwakisa akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kirefu cha kutoka chini. Kifua chake kiliruka, meza ikatikisika, maji ya dawa bakulini yakafanya viwimbi. Kisa alimshika bega mpaka kikapita.

Atupele alikuwa akitazama skrini. Moyo uliokuwa kwenye skrini haukutikisika. Uliendelea kupiga taratibu, ukipanda na kushuka, kama mtoto anayebembelezwa.

Kitu cha kwanza alichofundishwa chuoni ni kumwomba mgonjwa asikohoe, kwa sababu kifua kikiruka picha huharibika. Alisubiri kidogo, akidhani labda mtikisiko umechelewa kwenye picha. Haukuja. Akamwambia daktari kwamba mzee amekohoa na moyo kwenye picha haukukohoa. Mwaijande, bila kugeuka, alisema Kurunzi imelainisha mtikisiko, ndiyo kazi yake.

Halafu presha ilishuka. Kisa aliisoma kwa sauti, akaisoma tena ikiwa chini zaidi. Mapigo yalianza kukimbia.

"Binti," Mzee Gwakisa alisema, na safari hii hakukuwa na utani ndani yake, "mbona kama mtu amenikalia kifuani."

Mwaijande aliangalia skrini. Waya ulikuwa mahali pake, mshipa ulikuwa mzima, moyo ulikuwa na afya njema. Atupele aliona jasho likitokeza kwenye paji la uso wake, na akaelewa kwamba daktari alikuwa akitafuta kosa ndani ya picha ambayo haikuwa na nafasi ya kosa.

Alikwenda kwenye meza ya mitambo, akaiuliza Kurunzi mmweko wa mwisho ulipigwa lini. Hakuna aliyewahi kuiuliza swali hilo. Jibu lilitokea kwa maandishi madogo, ya upole:

*Mmweko wa mwisho ulipigwa kabla waya haujaingia moyoni.*

Yote waliyokuwa wameyatazama tangu hapo yalikuwa mchoro. Aliagiza mionzi kamili. Maandishi yakabadilika:

*Haiwezekani. Chumbani kuna mtu anayelindwa.*

Aliyasoma kwa sauti kwa sababu hakuwa na njia ya kuyaficha. Mwaijande aliinua kichwa. Aliuliza ni nani anayelindwa. Kisha Kisa akaitazama kanga iliyotundikwa nyuma ya mlango, akalitazama tumbo la Atupele.

"Ni la miezi mingapi?" aliuliza.

"Mitano."

Mwaijande alifumba macho. Alipoyafumbua alimwambia Atupele atoke nje mara moja. Lakini wote watatu walijua sheria aliyoiweka yeye mwenyewe, kwamba mionzi kamili hufunguliwa kwa kiganja cha mtaalamu wa mionzi kilichobandikwa kwenye kioo cha mitambo, na hufungwa mara kiganja kinapoondoka. Aliiweka ili pasiwe na mtu atakayeweza kuwaunguza wenzake na kutoroka. Viganja vilivyosajiliwa Lwifwa vilikuwa viwili, na mwenye kile cha pili alikuwa likizo Songea. Atupele akitoka na beji, Kurunzi ingelegeza kidogo, ingepiga mmweko hapa na pale, na kuendelea kuchora. Akibaki na beji, ingechora yote. Ili ione, ilibidi beji itoke na tumbo libaki.

Daktari alimweleza haya kwa sauti ya chini, akijitahidi kuwa mkweli. Alisema dakika chache si miaka, kwamba huenda mtoto asidhurike hata kidogo. Akasema pia kwamba hawezi kumwapia, na kwamba hatamwamuru.

Atupele alijaribu kuomba, akashindwa kujua amwombee nani kwanza. Maneno yake ya kila asubuhi yalimjia mdomoni, yakakataa kutoka, kwa sababu mezani palikuwa na mtu ambaye binti yake huenda alisema maneno yaleyale alfajiri ile. Mzee Gwakisa alikuwa amegeuza uso kumtazama. Midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Alikuwa amesikia kila kitu.

"Usi..." alisema, akakatika pumzi, na hakuna aliyejua alitaka kusema usifanye au usiniache.

Atupele aliingiza mkono chini ya gauni akabandua beji. Kisa alimpokonya, akafungua mlango, akaitupa kwenye sakafu ya korido ikateleza mpaka chini ya mabenchi, akafunga. Kisha alivuta meza ya vifaa akaileta mbele ya Atupele, akasimama hapo na mwili wake wote mpana, kati ya tumbo lile na mashine.

"Kaa nyuma yangu," alisema. "Mimi duka la kuzaa nilishalifunga."

Atupele aliweka kiganja kwenye kioo.

Picha halisi ilipokuja ilikuwa mbaya. Ilikuwa ya kijivu, yenye chembechembe kama redio inayokwaruza, na ilitikisika. Ndani yake waya haukuwa katikati ya mshipa. Ncha yake ilikuwa imetoboa ukuta na kutokeza upande wa pili, kama mwiba unaopita kwenye kitambaa, na kuizunguka misuli ya moyo palikuwa na kivuli kipana. Damu ilikuwa imejaa kwenye mfuko wa moyo na kuukaba.

Mwaijande alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyegongwa ubavuni. Kisha mikono yake ikaanza kazi. Alirudisha waya, akapandisha puto dogo mpaka kwenye tundu, akalijaza ili lizibe. Kisa alimpa sindano ndefu kwa mkono ulionyooshwa, bila kusogeza mgongo wake. Daktari aliingiza sindano chini ya mfupa wa kifua, akavuta, na damu nyeusi ikaingia kwenye bomba. Akavuta tena. Muda huo wote mionzi ilikuwa imejaa chumba, haina harufu wala joto, na hakuna aliyeihisi. Atupele hakuondoa kiganja. Alihisi mtoto akigeuka, kwa wepesi, kama mtu anayejigeuza usingizini, na akauma meno mpaka taya likauma.

Presha ilipopanda, Kisa aliisoma mara mbili, kwa sauti isiyo yake.

*

Walimpeleka Mzee Gwakisa kwenye chumba cha uangalizi maalumu akiwa hai, ana fahamu, mweupe kama jivu. Ilikuwa bado asubuhi. Nje ya dirisha ukungu haukuwa umepungua.

Mwaijande aliwakalisha Atupele na Kisa kwenye chumba cha chai. Alikuwa ameshaelewa. Mashine haikukomaa wakati wa Pasaka, ila ilipewa mtu wa kumlinda ambaye kipimo chake ni kidogo kuliko vyote, ikamlinda kwa njia pekee iliyoijua. Iliacha kutazama. Ilifundishwa kuwahurumia waliosimama, na hakuna aliyekumbuka kuifundisha kumhurumia aliyelala.

Kisha alizungumza kwa upole uliomtisha Atupele kuliko kama angefoka. Alisema Atupele atakwenda likizo ya uzazi kuanzia leo, na mionzi itarudi kiasi chake yenyewe. Yeye ataiwekea Kurunzi kikomo, usiku na mchana hatalala mpaka amalize, na haitachora tena kwa kiasi kile. Hakuna mgonjwa mwingine atakayeumia. Lakini jambo hili likisemwa nje, mashine itafungwa nchi nzima. Watarudi kwenye risasi na mionzi ya kila siku, na vijana wanaosomea kazi hii leo watazikwa kama mwalimu wake alivyozikwa. Aliuliza ni nani atakayefaidika.

Atupele alimwuliza kuhusu Mama Tulinagwe Kasyupa.

Mama huyo alilala kwenye meza ileile baada ya Pentekoste. Skrini ilionyesha kazi safi, naye akafa wodini jioni yake. Waliwaambia watoto wake kwamba moyo ulikuwa umechoka. Watoto walishukuru, wakamzika, wakaleta ndizi na kuku kwa wafanyakazi, kama watu wafanyavyo kwa waliomhangaikia mzazi wao. Atupele alikula nyama ya kuku yule.

"Hatujui kama ilikuwa hivyo," Mwaijande alisema hatimaye.

"Hatujui," Atupele alikubali. "Lakini wao wanadhani tunajua."

Kisa alikuwa akizungusha kikombe. Sasa alimgeukia Atupele, akamwita mwanangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kazini.

"Mwanangu, nisikilize. Mimi nimezaliwa hapa, na wewe pia. Umepoteza wawili, watu wanajua. Ukienda kwenye nyumba ya msiba ukasema mama yao alikufa kwa sababu mashine ilikuwa inalilinda tumbo lako, hawatasikia habari ya mionzi. Watasema mtoto huyu kanunuliwa. Watasema ulitoa mtu ukapewa mtu. Na maneno hayo hayatakufa wewe ukifa. Mtoto atakwenda nayo shule."

Atupele alijua kwamba ni kweli. Aliiona kwaya ikinyamaza anapoingia. Aliwaona wanawake wakivuta watoto wao kando ya njia. Na wazo jingine, baya kuliko hayo, lilikuja likakaa mbele yake. Vipi kama hawatakuwa wamekosea sana? Hakutoa mtu. Lakini tangu Pasaka alishukuru kila siku kwa kinga ambayo wengine waliilipia, na hakuuliza bei. Aliinama. Safari hii maombi hayakuwa ya mtoto wala ya mzee. Aliomba apewe mdomo.

Mlango uligongwa. Alikuwa Sekela, amejifunika shuka la baba yake mabegani, na nyuma yake wanawake wawili wa kanisani waliokuja na chupa ya chai kukaa naye. Aliwasalimu kwa heshima. Alisema baba amemnong'oneza kwamba daktari na dada mmoja wamemrudisha, naye amekuja kusema ndaga, asante, kwa niaba ya ukoo. Kisha akauliza, bila hasira, ni nini hasa kilichotokea mle ndani, maana aliona kitu kikitupwa nje na mlango ukafungwa kwa nguvu.

Mwaijande alisimama. Alianza kueleza kwamba katika kazi kama hizi hutokea wakati mwingine, hata mikononi mwa waangalifu, hitilafu ndogo ya mshipa.

Atupele naye akasimama. Alitoa kanga aliyokuwa amejitanda upya, akaikunja, akaiweka juu ya kiti, na wote waliokuwapo waliliona tumbo. Mmoja wa wale wanawake aliweka mkono mdomoni. Atupele aliwaeleza yote tangu siku ya sanduku la beji, bila haraka, akitumia maneno ambayo mtu yeyote angeyaelewa. Alisema mashine ilimlinda mtoto wake ikaacha kumtazama mzee wao. Mwaijande hakumkatiza. Alikuwa ameegemea ukuta, upande wa kushoto wa kichwa chake ukigusa plasta, na alionekana mzee ghafla. Kisa alilia bila kujifuta.

Sekela alisikiliza mpaka mwisho. Hakusema amesamehe na hakusema hajasamehe. Aliuliza swali moja, kama kuna wengine.

"Wapo," Atupele alisema. "Mmoja najua amekufa. Wengine sijui." Akapaza sauti, kwa sababu alitaka kila mmoja asikie. "Nyote mko hapa, nanyi ni mashahidi wangu, Daktari pia. Kesho asubuhi nitakwenda nyumbani kwa Mama Tulinagwe Kasyupa. Nitakaa chini mbele ya watoto wake na kuwaambia haya niliyowaambia ninyi, na tumbo hili nitakwenda nalo wazi. Nikitoka kwao nitakwenda kwa anayefuata, na anayefuata, mpaka nimfikie kila aliyelala mezani kwetu tangu Pasaka. Watakachoniita na waniite. Mtoto akizaliwa hai, nitamwambia mimi mwenyewe kabla hajaambiwa na mtu. Naahidi hivyo mbele za Mungu na mbele yenu."